Feni ya Mbele

Ofisini walimwita Bi Daftari, na hakuchukia. Jina hilo alipewa na karani mkuu siku alipoulizwa kikao fulani kiliahirishwa saa ngapi, naye akafungua daftari lake na kujibu: saa tano na dakika kumi na mbili, kwa sababu shahidi alitapika. Karani mkuu akacheka hadi akavua miwani. "Kweli mali bila daftari hupotea bila habari," alisema, na tangu hapo jina likamganda kama kupe.

Kazi yake ilikuwa kuchapa maneno ya watu. Kesi, mabaraza ya usuluhishi, tume za uchunguzi: popote watu waliposemea mbele ya kinasa sauti, sauti zao ziliishia masikioni mwake, naye akazigeuza kuwa kurasa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita kati ya hiyo aliipitisha akiwa amevaa hedifoni, mguu wa kulia juu ya kanyagio. Akikanyaga, sauti hutembea. Akiachia, hurudi nyuma kidogo ili alisikie tena neno lililompita. Mazoea hayo yalimwingia mpaka kwenye mfupa. Mumewe akimsimulia jambo wakati wa kula, mguu wake ulikuwa ukikanyaga na kuachia sakafu chini ya meza.

"Mke wangu," mumewe humwambia, "mimi si kaseti. Nikishasema nimesema."

Ofisi ilikuwa na chumba kimoja tu cha wachapaji, na jenereta chini ya dirisha lake, kwa hiyo aliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Alitumia chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa: meza, kiti, kabati lenye mlango uliopinda, dirisha lililotazama ukuta wa jirani, na bati juu. Kompyuta ya ofisi ilikaa sakafuni karibu na goti lake, boksi kubwa jeusi la miaka saba. Ndani yake mlikuwa na feni tatu. Moja ilikaa juu ya prosesa, ambayo fundi aliita ubongo. Moja ilikuwa nyuma. Na moja mbele. Zote zilizunguka kwa kasi moja kuanzia anapowasha mpaka anapozima, kwa mvumo mzito usio na pumzi.

Mumewe hakuona tatizo. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga nafaka kwa miaka thelathini, akastaafu, lakini masikio yake aliyaacha hukohuko kinuni.

"Hiyo nayo unaiita kelele?" alimcheka. "Hiyo ni paka anakoroma."

"Baba watoto, wewe hata paka mwenyewe humsikii."

"Ndiyo maana nalala vizuri."

Mvumo ule ulimsumbua kwa sababu ya sheria moja ya kazi. Mchapaji huandika alichosikia, na asichosikia huandika ndani ya mabano: haisikiki. Halafu huja msikilizaji wa pili, akavaa hedifoni, akapitia sehemu zile ngumu. Neno walilolisikia wote wawili hubaki. Neno alilolisikia mmoja tu hufutwa, na mabano yale yale huwekwa mahali pake. Bi Daftari aliiamini sheria hiyo kuliko mtu yeyote pale ofisini. Alikwisha ona wachapaji wakisikia walichotaka kusikia.

Mwaka ule kiwanda cha nguo kiliungua mchana na watu kumi na tisa wakafia ndani, kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ikaundwa tume. Aliyefunga alijulikana: mlinzi wa mlango ule, ambaye alirudi kujaribu kuufungua na akaungua mikono, kifua na koo. Kilichotafutwa ni nani alimwagiza. Wenye kiwanda walisema hakuna aliyemwagiza, alifunga mwenyewe akaenda zake kulala. Mlinzi alihojiwa kitandani hospitali kwa dakika kumi na moja. Siku mbili baadaye akafa.

Ijumaa moja Bi Daftari alipokwenda ofisini kuchukua karatasi, alimkuta mwanamke amekaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama anayesubiri kuitwa. Mfagizi akamnong'oneza kwamba ndiye mjane wa mlinzi na kwamba huja kila siku. Mwanamke yule akasimama.

"Wamesema ni wewe unayesikiliza."

"Ni mimi, dada. Lakini sijaletewa bado."

"Watoto wangu shuleni wanaitwa watoto wa kufuli." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja anakoishi. "Sikiliza vizuri. Sikuombi kingine."

Jumatatu gari la ofisi lilileta kinasa sauti nyumbani. Zilikuwa rekodi thelathini na moja, na ya mlinzi ilikuwa ya mwisho. Bi Daftari alizinakili kwenye diski ya kwanza ya kompyuta yake, kisha kwenye ya pili, kama utaratibu ulivyotaka, akahesabu faili mara mbili, akasaini. Nakala ya tatu ilipaswa kubaki kwenye mashine ya ofisi, lakini mashine hiyo ilikuwa kwa mtengenezaji mwezi mzima. Kinasa kilihitajika kesho yake kwenye kikao kingine, kwa hiyo kingefutwa jioni ile ile. Kuziweka rekodi kwenye simu au kwenye flashi ilikuwa marufuku.

"Wewe ndiye kabati letu sasa," karani mkuu alisema akiingia garini. "Ijumaa nakuja mwenyewe kuwa msikilizaji wa pili."

Hakuanza na namba moja. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliruka mpaka mwisho. Alimsikia mhojaji vizuri: "Nani alikwambia ufunge mlango?" Baada ya hapo kikaja kitu kama mtu anayeburuta gunia juu ya mchanga, na ndani ya kitu hicho mlikuwa na maneno. Akaachia kanyagio, akarudia. Akarudia mara arobaini, alihesabu. Sauti ya yule mtu ilikuwa imeungua ikabaki nzito na ya chini, na uzito wake ulilingana kabisa na mvumo wa feni. Alipoinama, akagundua ni feni ya mbele hasa. Ilivuma palepale mtu yule aliposemea.

Jumanne asubuhi alimwita fundi wa kompyuta, kijana mrefu aliyejulikana mtaani kwa jina la Nyaya. Nyaya alifungua boksi, akapuliza vumbi, akafunga.

"Shangazi, feni zako hazina ugonjwa. Hazina mwenyewe tu. Zinakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Tutazitafutia programu ya kuzichunga."

"Ipo?"

"Zipo kibao. Nakuwekea tatu, uchague kama mchumba."

"Mchumba nilichagua mara moja, na hasikii."

Nyaya alicheka, akaziweka. Ya kwanza ilitoka kwa watengenezaji wa bodi ya kompyuta yenyewe. Ilikuwa nzito, ilichukua dakika nne kufunguka, ilikuwa na marangi kama duka la vipodozi, na ilitoa chaguo tatu tu: kimya, kawaida, kasi. Ya pili ilikuwa ya zamani, ndogo, kurasa zake za kijivu zimejaa tarakimu. Ya tatu ilitengenezwa na mtu mmoja huko aliko akaitoa bure. Ilimwachia mtumiaji achore mwenyewe mstari wa kila feni: joto likifika hapa, feni ikimbie hivi.

"Hiyo ya tatu ni nzuri, lakini haina adabu," Nyaya alisema akikunja waya zake. "Inakutii chochote. Ukiiambia feni isimame, inasimama. Hiyo ya juu ya ubongo na hiyo ya nyuma cheza nazo. Ya mbele nipigie kwanza."

Bi Daftari aliandika. Kwenye daftari la mwaka ule ukurasa huo upo, mwandiko umesimama wima: *Ya mbele: uliza fundi kwanza.* Akapigia mstari.

Siku nzima alizipima kama alivyopima kila kitu. Programu ya kwanza, chaguo la kimya: mvumo ulipungua nusu, maneno ya mlinzi bado mchangani. Programu ya pili: iliitambua feni ya ubongo peke yake, na ilidai kwamba joto la ndani ni digrii sitini chini ya sifuri. "Tungekuwa barafu sasa hivi," aliandika pembeni, jambo la nadra, kwani hakuwa mtu wa mizaha kwenye daftari. Akaifuta. Programu ya tatu ilimpendeza tangu ilipofunguka. Kila feni ilikuwa na kisanduku chake, mizunguko yake kwa dakika, na mstari wa kuvuta kwa kipanya. Ilikuwa programu ya mtu mwenye daftari.

Jumatano kabla ya adhuhuri alikwisha chora mistari miwili: feni ya ubongo na ya nyuma, chini ya digrii hamsini na tano zisizunguke kabisa. Kuchapa maneno hakuuchoshi ubongo wa kompyuta. Joto halikupita arobaini na nne. Zikasimama, na chumba kikabaki na mvumo mmoja. Ule ule.

Akampigia Nyaya. Simu haikupatikana. Akapiga tena baada ya robo saa, na tena. Aliandika saa ya kila jaribio.

Programu ilikuwa na swali moja kwa kila feni: ifuate kipimajoto kipi? Chini yake ilishuka orodha. Cha kwanza kilikuwa cha prosesa, anachokijua. Vilivyofuata vilikuwa vimeandikwa kwa herufi na namba zilizochanganyika, kama namba za magari. Aliviangalia. Alikuwa na mlinzi ndani ya hedifoni na mjane kwenye benchi na siku mbili mkononi. Akajiambia kwamba boksi ni moja, na joto lake ni moja. Akachagua cha kwanza, akavuta mstari hadi sifuri.

Feni ya mbele ilipunguza, ikapunguza, ikatoa mlio mdogo kama mtu anayevuta makamasi, ikanyamaza.

Alikuwa hajawahi kukisikia chumba kile. Alisikia saa ya ukutani sebuleni. Alisikia bati likitanuka kwa jua. Alimsikia mumewe jikoni akimenya viazi, kila ganda likianguka kwenye beseni. Akakanyaga.

"Nani alikwambia ufunge mlango?"

"Bwana stoo," alisema mlinzi. "Alisema funga, wanatoka na nguo."

Akaachia, akarudia. *Bwana stoo. Alisema funga, wanatoka na nguo.* Mara tatu, wazi kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha pili, kama kungekuwa na kiti cha pili. Akavua hedifoni, akaenda jikoni na machozi usoni, akamshika mumewe mkono wenye kisu.

"Njoo usikilize."

"Mimi? Leo umepungukiwa na watu."

"Njoo tu, baba watoto."

Mzee alikaa, akavaa hedifoni, akakunja uso. Alisikiliza kwa bidii, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayetaka kumfurahisha mwalimu. Alipovua alimtazama mkewe kwa huruma.

"Nasikia maji," alisema. "Maji yanapita mbali."

Haidhuru. Ijumaa karani mkuu angekuja. Bi Daftari aliandika maneno yale kwenye daftari, saa tisa kasoro dakika tano alasiri, kisha akarudi kwenye rekodi namba moja na kuanza kuchapa kwa mpangilio kama inavyotakiwa. Alichapa mpaka jua lilipozama, na Alhamisi akaamka akaendelea. Lilikuwa juma la joto. Ndani ya chumba mkono ulinata kwenye meza. Kompyuta ilikuwa kimya kama jiwe, na katika kisanduku cha prosesa tarakimu zilisoma arobaini na tatu, arobaini na nne. Kila saa aliziandika.

Hakujua, kwa sababu hakuna aliyemweleza na hakuuliza, kwamba feni ya mbele haikuwekwa kwa ajili ya ubongo. Nyuma yake, moja juu ya nyingine kama sahani, zilikaa diski mbili. Kazi ya feni ile ilikuwa kuzipulizia hizo. Diski zilikuwa na kipimajoto chao, kimojawapo cha vile vyenye majina kama namba za magari, na tangu Jumatano mchana tarakimu zake zilikuwa zikipanda bila mtu wa kuzisoma.

Saa nne na nusu Alhamisi, ndani ya boksi kukasikika kitu kikigonga: ta, ta, ta. Rekodi ikakatika katikati ya neno. Diski ya kwanza ikatoweka kwenye kioo.

Bi Daftari hakupiga kelele. Aliandika saa daftarini. Nakala ya pili ipo. Ndiyo sababu ya kuwa na mbili. Aliamua kuvunja marufuku: akatafuta flashi ya binti yake kabatini, kuukuu na inayopokea polepole, ili ahamishie kila kitu kutoka diski ya pili.

Hapo ndipo alipokosea kosa ambalo mtu mzembe asingelikosea. Mzembe angekimbilia rekodi anayoihitaji, dakika kumi na moja tu, akaidaka akakimbia. Bi Daftari alianza na namba moja. Rejesta huanza na namba moja. Alinakili faili, akalinganisha ukubwa wake, akaitia alama ya tiki daftarini, akaenda namba mbili. Diski ilisoma bila kupumzika saa nne mfululizo, ndani ya boksi lisilo na upepo, chini ya bati la mchana. Mumewe alichungulia mlangoni.

"Mama watoto, mbona kunanuka kama pasi?"

Aliweka kiganja kwenye uso wa boksi akakiondoa upesi. Akaishika programu, akavuta mstari wa feni ya mbele juu kabisa. Feni ikaamka kwa kishindo. Alikuwa kwenye namba ishirini na saba. Ishirini na nane ilifika nusu. Kisha: ta, ta, ta.

Nyaya alikuja jioni, akatoa diski zote mbili, akazishika sikioni akizitikisa kama mtu anayechagua nazi. Akatazama kioo kwa muda mrefu, kisanduku cha feni ya mbele.

"Shangazi," alisema polepole, "hii ilikuwa inafuata ubongo."

"Ndiyo."

"Ilitakiwa ifuate diski." Akakaa sakafuni. "Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Jumatano nzima."

Alizipeleka kwa mtu wa mjini anayefungua diski. Jibu lilirudi asubuhi: zote zimechubuka ndani, hakuna cha kuokoa.

Karani mkuu alifika Ijumaa saa tatu na hedifoni zake mwenyewe shingoni. Alimsikiliza Bi Daftari akiwa amesimama, kisha akaketi kwenye kile kiti kimoja, na mwenye nyumba akabaki wima.

"Uliyasikia hayo maneno?"

"Niliyasikia. Mara tatu."

"Nani mwingine aliyasikia?"

Mumewe alikuwa mlangoni. Bi Daftari alimwona akifungua mdomo, akajua anachotaka kusema, na akamtikisia kichwa. Mzee akaufunga.

"Hakuna," Bi Daftari alijibu.

"Basi unajua tunaandika nini. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi."

Alikuwa amekwisha chapa ukurasa usiotakiwa: maneno ya mlinzi kama yalivyo, na chini yake maelezo kwamba rekodi imeharibika kwa kosa lake yeye mchapaji, aliyesimamisha feni ya diski bila kuuliza, ingawa aliambiwa aulize. Alikuwa ameweka saini na saa. Karani mkuu aliusoma mara mbili. Akatoa rula na kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi mbili za mlinzi, taratibu, mstari ulionyooka, akaandika juu yake: (haisikiki). Maelezo ya kosa aliyaacha.

"Si kwa ubaya, dada yangu."

"Najua. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo."

Hakufukuzwa. Gari la ofisi liliacha tu kuja. Taarifa ya tume ilipotoka ilisema mlinzi alifunga mlango, na hakuna ushahidi kwamba aliagizwa. Bwana stoo hakutajwa, kwani hakuna mahali alipokuwa amesikika.

Mjane alikuja nyumbani wiki moja baada ya taarifa. Hakugombana. Mume wa Bi Daftari alimpa kiti, akaenda kusimama uani. Boksi jeusi lilikuwa limewashwa, halina rekodi ndani, feni zake zote zikikimbia. Tangu siku ile Bi Daftari aliziacha hivyo. Sasa aliizima kompyuta, na kukawa kimya.

Alimweleza yote, feni na diski na namba moja, kwa mpangilio. Mjane alingoja mpaka mwisho.

"Alisemaje?"

"Alisema: Bwana stoo. Alisema funga, wanatoka na nguo."

Mwanamke akafumba macho. "Ndivyo alivyomwita. Nyumbani pia. Bwana stoo." Akayafumbua. "Sema tena."

Akasema tena.

"Alivuta neno wapi? Pale kwenye *funga*?"

"Hapana. Alilikata. Alivuta *nguo*." Akaonyesha.

"Tena, dada."

Akasema mara ya tatu. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu. Kwa mara ya nne alipofungua kinywa, alitafuta kichwani ile sauti iliyoungua, akaikuta imesogea, na mahali pake palikuwa na sauti nyingine iliyosema maneno yale yale kwa usafi, bila mchanga. Ilikuwa yake mwenyewe.

Akaunyanyua mguu kutoka sakafuni.

"Naomba tuishie hapo," alisema. "Hii ndiyo nakala iliyobaki. Nikiendelea kuirudia nitaiharibu."